Chumba cha Haraka, Chumba cha Subira

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya tano tangu nijifungue. Pacha wangu hawako pamoja tena! Mashine za joto zimejaa: Mkubwa kabaki chumba cha kwanza, Mdogo kapelekwa cha pili, ng'ambo ya korido. (Mdogo anamzidi kaka yake gramu sitini. Ukubwa jina tu.)

Wamepimwa moyo. Wote wawili mshipa uko wazi — upo karibu na moyo, mtoto anautumia tumboni, akishazaliwa hujifunga. Wa kwao haujajifunga. Nesi anasema ni kawaida kwa waliozaliwa kabla ya siku zao. Kawaida!

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa chumba cha kwanza kamwanzishia Mkubwa dawa ya kuufunga. Siku tatu, kwenye dripu. Ukiachwa wazi, kasema, mapafu yatajaa maji.

Nikavuka korido kwa daktari wa chumba cha pili. Daktari, Mdogo naye anaanza saa ngapi? Haanzi. Mishipa mingi hujifunga yenyewe, kasema, na dawa ina madhara — figo, utumbo. Tunasubiri, tunamwangalia.

Mimba moja, mshipa uleule. Nani anamkosea mwanangu?

Jumatano, 5 Machi

Nimewasimulia wenzangu kwenye chumba cha kukamulia maziwa. Wamecheka! Kumbe wameshawabatiza zamani: Daktari Haraka na Daktari Subira. Mmoja akasema haraka haraka haina baraka. Mwenzake akamrukia: ngoja ngoja huumiza matumbo! Nikacheka nao mpaka nikalia, maziwa yakagoma.

Baba watoto kapiga simu, anataka Mdogo apewe dawa. Mama mkwe kamnyang'anya simu, anataka Mkubwa aachishwe dawa. Wao wako nyumbani. Mimi ndiye niko koridoni.

Alhamisi, 6 Machi

Mkubwa hakojoi. Nepi kavu tangu alfajiri. Dawa imesimamishwa. Naogopa. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Kakojoa! Kidogo, lakini kakojoa. Nimemkumbatia nesi, nepi ya mtoto mkononi. Na mshipa umesinyaa, umebaki uwazi mdogo tu.

Mdogo — mshipa vilevile. Anahema, mbavu zinaonekana. Oksijeni imeongezwa. Nimemuuliza Subira: angekuwa mwanao? Kasema angesubiri, ila usingizi asingeupata. Nikavuka, nikamuuliza Haraka hilohilo. Angempa dawa. Usingizi, naye asingeupata.

Kwa hiyo hakuna anayemkosea mtu. Hawajui tu! Hilo limenitisha kuliko nepi kavu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne asubuhi. Nesi mkuu kaja anatabasamu. Watoto wawili wameruhusiwa kwenda nyumbani, mmoja kila chumba, kwa hiyo pacha wangu watakaa pamoja! Nikamshukuru mpaka akaona haya.

Kisha akauliza, "Haya mama pacha, nafasi ipo kote kote. Tumlete Mdogo kwa kaka yake, au Mkubwa ndiye aende kule?"

Nikichagua chumba nimechagua daktari. Nikamwambia, dada, nipe dakika moja, nakwenda kunawa.

Ndiko niliko, naandikia juu ya sinki. Simu ya baba watoto haipatikani. Mkubwa dawa karibu imuue, na imemsaidia. Mdogo tumemsubiri, na anahema. Wote wawili, jibu moja. Nani kanipa mimi kazi hii?

Nesi mkuu anabisha hodi. "Mama pacha? Wabebaji wako tayari."

Nimefungua bomba liendelee kutiririka, adhani bado nanawa.