Mtoto Yesu Kwenye Shavu Langu

Brooklyn Center, Februari

Mama yangu mpendwa,

Mirembe! Mimi ni mzima kama kigongo, na nimevaa soksi mbili mbili. Goti lako vipi? Na yule ng'ombe mkorofi, amezaa au bado anatuzungusha?

Ulimtuma kaka Patrisi aniulize kama huku nina mtu wa kula naye Krismasi, nami nikamjibu habari za theluji. Siku ile nilishinda kazini kwenye nyumba ya wazee, jioni nikala wali wa jana peke yangu. Nililia kidogo, Mama. Lakini sasa jibu ninalo, na ni refu, kwa hiyo vuta kiti.

Kazini niko zamu moja na Lupe, Mmeksiko, mdomo wake kama wa shangazi Marita. Kwao Krismasi haiishi upesi. Sikukuu ya Mamajusi alinialika kwa mama yake, bibi mfupi asiyejua Kiingereza. Nyumba ilijaa wakwe na wajukuu. Mezani palikuwa na chokoleti ya moto na mkate wa duara kama ngata, umepambwa kwa matunda ya sukari, kila mtu akijikatia kipande.

Changu kilikuwa na kitu kigumu. Nikakigeuza kwa ulimi: kina kichwa, kina miguu! Nikajua mwanasesere wa mtoto ameangukia unga. Sasa si wewe uliyenifunza kwamba mgeni mwenye adabu haoni nywele kwenye mboga? Nikamsukuma shavuni, nikatabasamu, nikaomba chokoleti zaidi.

Mkate ukaisha. Watu wakaanza kutazamana.

"Mtoto yuko wapi? Nani amemmeza?" Lupe akauliza, na wote wakaanza kupanua midomo kuonyesha. Ilipofika zamu yangu nikataka kusema sijui. Mtoto akaruka, akatua ndani ya kikombe cha bibi.

Walicheka hadi wakashika mbavu. Kumbe ni Mtoto Yesu wa plastiki! Humficha mkateni kama alivyofichwa Herode asimwone, na anayempata huwa mama yake wa ubatizo. Siku ya Kutolewa Bwana Hekaluni, ile ya kubariki mishumaa, lazima amvishe nguo mpya sanamu ya Mtoto wa pango la Krismasi, ampeleke kanisani, kisha alishe ukoo mzima tamale. Hizo ni unga wa mahindi na nyama, hufungwa kwa maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke.

"Tulidhani unamficha ili ukwepe kupika!" Lupe akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Nyumba ya kwanza kunikaribisha huku, halafu wanione mchoyo! Na tamale sijawahi hata kuonja. Nikampigia Akinyi, yule rafiki yangu wa Kisumu.

"Wewe Konso nawe! Si ungeuliza tu? Sasa utawapikia nini, ugali kwa majani?"

Alikuwa ananitania, lakini mimi nikakumbuka jambo. Mkate wako, Mama! Mahindi na ndizi mbivu, ndani ya majani ya mgomba. Majani niliyapata dukani kwa Wameksiko, yamegandishwa kama samaki. Nikayapitisha motoni kama ufanyavyo, king'ora cha moshi kikalia, jengo zima tukasimama nje kwenye theluji, wenzangu wakinitazama.

Siku ikafika. Nilimvisha Mtoto kanzu ya kitenge, Padre akambariki huku akizuia kicheko, tukaenda kwa bibi. Nilifunua sufuria. Bibi akachukua furushi moja, akanusa jani, akalifungua polepole. Lupe akaninong'oneza kwamba kijijini kwao tamale hufungwa kwa majani hayo hayo, na tangu mama yake aje huku hakuna mtu aliyempikia hivyo. Bibi akala, akaongeza, akaficha mawili kwenye mkoba wake. Mama, nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Nisalimie Patrisi, na shangazi Marita mwambie amepata mwenzake. Mwalimu wa kwaya mwambie bado naimba, ingawa kwa Kihispania kibovu.

Na lile swali lako, acha bibi alijibu. Aliuliza nani alinifunza kupika, nikasema ni mama yangu. Akanishika shavu, lile lile la Mtoto, akasema kitu, na Lupe akanitafsiria: "Mwambie mama yako alale usingizi. Binti yake anakula kwetu."

Wako niliyeshiba,
Konsolata