Viatu vya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kaniita. Eti kipindi changu cha redio kuhusu kutoa misaada kwa busara kinasinzisha wasikilizaji. Ijumaa simu zisipolia, dakika zangu kumi zinakwenda kwa uchambuzi wa mpira. Mpira! Asubuhi, mchana, jioni, bado hautoshi? Nimetoka nimenuna. Atanitambua.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda shuleni kuona vile viatu shangazi anavyowachangishia wanafunzi kila mwaka. Mwalimu mkuu kasitasita, kisha kafungua stoo. Magunia matatu! Viatu vya watu wazima, vingine vya visigino virefu. Watoto wavae wapi? Nikauliza, basi wanakosa nini hasa? Miwani, kasema. Wengi hawaoni ubaoni. Mwaka jana wasioona vizuri wa darasa moja walipewa, wa darasa la jirani, la rika lilelile, wakasubiri zamu. Wote wakafanya mtihani uleule. Kanionyesha matokeo, nikakaa juu ya gunia. Wenye miwani wamewaacha wenzao mbali!

Sasa shangazi namwambiaje? Ndiye aliyenilea.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia. Kaomba nisimwaibishe hewani. Nikasema sitamtaja jina. Kasema mji mzima unajua viatu ni vyake. Kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesema yote! Magunia, visigino, miwani, matokeo. Shangazi sikumtaja. Nikawaambia watu: kabla ya kutoa tena, nendeni mkaone kile mlichotoa kimemsaidia nani.

Simu hizo! Dereva wa lori kasema chama chao kilinunulia zahanati vitanda, kesho anakwenda kuona kama kuna anayevilalia. Fundi cherehani anataka namba ya mwalimu mkuu, wenzake kumi wanachangia miwani. Bosi kasimama nyuma ya kioo, mikono kichwani. Kanionyesha karatasi: ENDELEA NUSU SAA. Mpira usubiri! Natamani kupiga vigelegele humu humu studio.

Tumeweka wimbo, naandika haraka. Fundi mitambo kaniambia shangazi yuko kwenye simu. Hataki kuongea na mimi pembeni, anataka hewani, watu wote wasikie. Muulize ana nini cha kusema, nikamtuma fundi.

Kaja na jibu. Shangazi ana swali. Hao watoto waliopewa miwani mwaka jana, wangapi wanaivaa mpaka leo?

Sijui! Sikuuliza! Shangazi yangu huyo — na ndilo swali lenyewe! Nacheka peke yangu, jasho linanitoka. Namwambia fundi amuunganishe. Wimbo unaisha. Fundi kainua vidole, vitatu, viwili —