Pampu Waliyoitunza Mpaka Ikafa

Gisenyi, Alhamisi. Mvua nyembamba toka alfajiri.

Juzi Jumanne, saa nne na robo asubuhi, nilipoteza vifaranga 312 kati ya 400 nilivyokuwa nikivileta kutoka Kigali kwa ndege ndogo. Nimevihesabu mwenyewe, kimoja kimoja, kwenye nyasi za uwanja.

Lakini siandiki kwa ajili ya vifaranga.

Ndege ile ina injini moja na mabawa yake yako chini, kwa hiyo mafuta hayashuki yenyewe kwenda kwenye injini, lazima yavutwe. Pampu ni mbili. Moja inazungushwa na injini. Ya pili ni ya umeme, ya kuokoa watu ile ya kwanza ikifa. Mimi si rubani, ila mwaka wa kumi na tisa huu natengeneza injini za boti huku Rubona, kando ya ziwa, kazi niliyojifunza kwa kufungua na kufunga bila mwalimu. Pampu naijua kwa sikio.

Tulipopita Kanama, mshale wa presha ya mafuta ukaanguka hadi sifuri. Injini ikakohoa mara mbili, ikazimika. Rubani, Fidèle, akabonyeza swichi ya pampu ya umeme. Kimya. Akabonyeza tena.

"Fidèle, iko inafanya?"

"Papa, nyamaza kwanza."

Nikanyamaza, nikapiga hesabu. Tulikuwa mita 900 juu ya mji, na ndege ya aina ile ikizimika husonga kama mita tisa kwa kila moja inayoshuka. Kilomita nane na kidogo. Uwanja ulikuwa kilomita saba. Tulifika, sitamnyima Fidèle sifa yake, lakini gurudumu la mbele lilivunjika na maboksi ya vifaranga yakaturukia kutoka nyuma.

Fundi wa ndege hiyo alipokuja, nilimuuliza pampu ya umeme iliwashwa lini mara ya mwisho. Akajibu kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha sahani za wageni kabatini:

"Hiyo? Hatuiwashaka, muzee. Tunaitunza. Iko mupya kabisa!"

"Donc munamutunzia nani? Marehemu?"

Akacheka. Alicheka!

Pampu isiyozunguka hukauka na kukwama. Hata wavuvi wangu wanalijua hilo: injini ya akiba wanaiwasha kila Jumapili baada ya misa, hata kama hawaendi popote. Hawa wenye vyeti ukutani waliibania kama suti ya harusi.

Sasa langu, maana hapa sijifichi. Kule Kigali, kabla ya kuwasha injini, nilitega sikio sekunde kumi nzima nisikie mlio wa pampu ya umeme, maana hapo ndipo hujaribiwa. Sikuusikia. Nikataka kuuliza, nikaona shati jeupe la Fidèle na mistari mabegani, nikajiambia: we mutu wa boti, kaa kimya.

Najichukia kwa hilo.

Leo mwenye ndege amenipigia simu. Ati ni bahati mbaya, ati vifaranga atavirudisha vyote. Sivitaki. Nilimuuliza swali moja, kwa nini pampu ile haikuwa ikiwashwa, akaniletea habari za joto na vumbi.

Keshokutwa Jumamosi, ndege yao ya pili, ya aina ileile, mikononi mwa fundi yuleyule, inampeleka dada yangu Espérance Kigali. Amepasuliwa mgongo, ana miadi, na daktari amemkataza kona za barabarani. Nimemweleza yote. "We ongea nao kwanza," akaniambia, "mi nitafuata utakachosema." Ameniachia mimi, niliyeshindwa kufungua mdomo Jumanne.

Basi naufungua leo, na najua nyie wenye ndege huwa mnasoma hapa ninapoandika. Pampu ya umeme ya ndege hiyo ya pili: mmeiwasha na ikavuta mafuta, ndiyo au hapana? Msiniambie Mungu yupo, hilo nalijua. Nataka neno moja, kesho Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Ikipita hata dakika moja, dada yangu hapandi.