Kadi ya Sauti Iliyobaki Kwangu

Embu, Jumatano, 17 Juni 1998

Baba,

Shajara yangu inasema ni siku kama ya leo, mwaka jana, tulipoifungua kompyuta yako pale mezani Kibirichia. Mdogo wangu Murithi alishika bisibisi. Mimi nilishika tochi. Najua ulikuwa unamfundisha kazi, lakini mimi ndiye kifungua mimba wako, Baba, na mkono uliniuma.

Kabla ya siku hiyo mashine ilijua kulia pii tu. Ulichomeka kadi ya sauti mbali na pale umeme unapoingilia, isije ikachukua mngurumo. Ukaunga spika na maikrofoni, ukajirekodi: "Murithi, inasikika? Murithi, mwanangu!" Ukacheka kama mtoto.

Tulipokwisha kukuzika, wazee wa ukoo waligawa vitu vyako. Walipofika kwenye kompyuta, Baba Mdogo aliweka mkono juu ya spika akasema, "Hizi za kuimba ni za kijana. Hiyo ya kuandika apewe Kagendo, si yeye ni sekretari?" Waliamini sauti inakaa pale inapotokea. Murithi alijua kadi iko ndani ya kasha, lakini siku hiyo alikuwa analia. Alikumbuka akiwa ameshafika kwake Timau.

Huko ameunga spika zako kwenye kompyuta yake. Sauti yako aliinakili kwenye disketi ulipokuwa hai, na kila mgeni lazima asikilizishwe: "Mzee ananiita mimi, mnasikia?" Hata Mama anaishi kwake siku hizi. Nikienda kuwaona napewa chai, halafu wewe unaanza kumwita. Naiweka chai chini, Baba. Umekufa, na bado unamwita yeye.

Ila mashine yake haina kadi kama yako. Ina kasauti ka kuzaliwa nako, kananguruma tu. Mama alisema juzi, "Baba yenu anaongea kama amefungiwa nje kwenye mvua."

Ndipo Murithi akaja hapa Embu. "Dada, nitolee tu hako kadude. Wewe na taipu zako, katakusaidia nini?" Nikamjibu kwamba wazee walishagawa. Alipotoka nilifurahi, tena sana.

Hajui ninachosikia mimi. Nimechomeka hedifoni kwenye kadi yako, na pale mwisho, baada ya kicheko, umegeuka upande wangu na kusema polepole, "Asante, Kagendo. Bila tochi yako tungepapasa tu." Kwake maneno hayo yamezama kwenye mngurumo. Nimekuwa nikiyasikiliza peke yangu, kila nikitoka kazini, na nilitaka yabaki hivyo.

Lakini Mama anakusikia ukiwa kwenye mvua.

Kwa hiyo nakuahidi: Jumapili napanda Timau na kasha zima, kadi ikiwa ndani. Nitamkalisha Mama katikati ya spika zako, na rekodi itapigwa mpaka mwisho, bila kuzimwa kwenye kicheko. Nataka Murithi alisikie na jina la pili. Na ikibidi tufungue kasha, bisibisi nitashika mimi. Yeye atashika tochi.

Pumzika, Baba. Nilikusikia.

Kagendo wako