Avokado Zilizomfikia Mama Yake Madam

Mama yangu, nakusalimu kutoka Riyadh, kwenye joto linalokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika.

Mama yake madam, mwajiri wangu, alifiwa na mumewe, akakaa siku tatu bila kugusa chakula. Jana madam alinunua avokado za Kenya. Binti yake akaniomba guakamole, chakula cha Meksiko, nikaziponda kwa limau, kitunguu na dania. Nikampelekea bibi yake kidogo na mkate. Akala akamaliza.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Kwetu tunaziponda na kutia chumvi tu."

Akauliza jina lako. Nikasema, "Wanjiru." Akainua mikono, akakuombea uzima kwa jina hilo. Nikalia, naye akanishika mkono.

Goti lako linalokuuma lipone upesi, Mama.

Mwanao akupendaye,
Njeri