Boluti Haikufunguliwa

Yaya, kaka yangu mkubwa,

Boluti ya kumwagia mafuta haikufunguliwa. Fundi Wilondja amesema hivyo leo asubuhi hapa Baraka, karakana ikiwa imejaa watu, wakiwemo wanajeshi wawili waliotumwa kumsimamia. Boluti bado imekaza, imefunikwa na grisi ya zamani na udongo mkavu, haina alama mpya ya spana. Tundu liko kando yake, kwenye karteri, lile bakuli la chuma linaloshika mafuta chini ya injini, na kingo zake zimeingia ndani.

"Hii ni jiwe," alisema. "Mutu gani analala chini ya gari yenye kutembea, anaitoboa?"

Watu walicheka. Wanajeshi hawakucheka.

Nakuandikia wazi kwa sababu na mashtaka yalisemwa wazi: kwamba wewe, kaka yangu, dereva wa kamioneti ya samaki, ulimwaga mafuta kwa makusudi ili mdogo wake kamanda afie njiani. Sitaandika uko wapi.

Nilikaa kando yako siku ile tulipotoka Lulimba, kinasa sauti cha redio mapajani. Nyuma walikuwa bamama wa soko na mizigo yao, na yule majeruhi, mdogo wake kamanda, juu ya magunia, akilindwa na wenzake. Kamioneti haikuombwa, ilichukuliwa. Kwenye kivuko chenye mawe tulisikia kishindo chini yetu. Ulikanyaga breki utazame. Mwanajeshi akagonga paa kwa kitako cha bunduki, ukaendelea.

Mlimani taa ya mafuta iliwaka, mshale wa joto ukapanda, kisha injini ikaanza kugonga. Uliizima bila kumwomba mtu ruhusa. Mama mmoja, ambaye hakuwa ameelewa bado, akakuita wewe dereva kutoka nyuma:

"Chofa, unapika gari ao tunaenda?"

"Napika, mama. Leta mafuta."

Hukuwa unatania. Kijiti cha kupimia mafuta kilitoka kikavu, kinanuka kuungua. Ulifanya wanavyofanya madereva wote wa njia ile: ukaponda sabuni ya kipande pamoja na kitambaa, ukaziba tundu, ukamimina mawese kutoka bidoni, lile dumu la yule mama, kwa kuwa mafuta mengine yalikuwa Baraka.

Ikabaki rejeta. Mwanajeshi alileta maji ya kijito, akaweka mdomo wa bunduki shingoni mwako, akakuamuru uyatie.

"Chef, nikitia hii maji ya baridi sasa, injini inapasuka, na ndugu ya kamanda anabakia hapa."

Sauti yako haikubadilika. Nilikuwa chini yako, nimechuchumaa kando ya gurudumu. Tulingoja. Chuma kilikuwa kikipoa, kinalialia, na majeruhi akivuta pumzi kwa shida. Nimeripoti kutoka sehemu nyingi za vita hii na sijaogopa popote kama nilivyoogopa pale, ambapo hakuna aliyepiga risasi. Uliweka kiganja juu ya injini, ukakiondoa, ukakiweka tena. Kilipoweza kukaa, ukamimina maji polepole.

Tuliteremka injini ikigonga hadi tukaliona ziwa, ikazimika kabisa. Majeruhi alikuwa amekwisha kufa. Wanajeshi walipoanza kupiga kelele, bamama waliruka chini wote kwa pamoja, wakagombania mabeseni na kutukanana kana kwamba kweli wamegombana. Ndani ya vurugu hiyo ukaondoka. Hatukuagana.

Leo Wilondja ametoa kila kitu. Vyuma laini vinavyoshika mhimili wa injini vimeyeyuka. Pistoni zimekwaruzwa. Ndani mna utomvu mweusi wa mawese, na mwanajeshi mmoja akaurukia: basi mawese ndiyo yaliua injini. Fundi alimwonyesha kwa kidole kwamba utomvu uko juu ya mikwaruzo, hauko chini yake. Chuma kilikuwa kimekwisha kuharibika mafuta yalipokauka. Mawese yalikuja baadaye, yakalisogeza gari mbele kidogo. Kisha akainua kichwa cha injini. Hakina ufa. "Mwenye kuendesha alingojea," alisema.

Ungefurahi kusikia hayo. Mimi bado naogopa, Yaya. Kamanda hakuwepo. Amefiwa na ndugu, na sijui kama karteri yenye tundu inaweza kumtuliza mtu aliyefiwa. Jana mtu asiyejulikana alimuuliza mama yetu kama umetuma habari. Sasa usiku mama analala kwa watu wa kanisa. Wanajeshi walipoondoka, Wilondja alikaa juu ya tairi na kuniomba nisimwache peke yake mpaka wateja wengine waje. Nilikaa.

Nakukumbuka ukiosha mikono kwa majivu kabla ya kula, unanicheka kwa kuwa yangu ina wino tu. Mama bado anakuwekea majivu mlangoni. Sijamwambia aache.

Alhamisi asubuhi Wilondja atapeleka karteri na boluti yake ofisini, mbele ya kamanda, mkuu wa mtaa na mchungaji. Mama mwenye bidoni amekubali kuja. Nitasema kuhusu kishindo cha kivukoni na aliyekataza tusisimame. Yeye pia atakuwepo. Kabla ya Alhamisi kwisha usipande boti yoyote ya kurudi huku, hata ukiambiwa ni mimi niliyekuita.

Mdogo wako,
nikiwa Baraka