Mama, Chukua Fomu

Uswisi, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Onga mshi, salamu yetu Wasambaa ya mchana, na kama unaisoma asubuhi basi rekebisha mwenyewe. Hali ya nyumbani ikoje? Goti lako la kushoto linasemaje na ule mteremko wa kwenda sokoni Mlola? Baba bado anakohoa ukungu ukishuka, au ameacha ubishi akavaa lile koti nililotuma? Mimi sina neno. Nakula vizuri mpaka sketi zinanibana, na baridi imeanza kulegea. Jana nimetoka nje bila glavu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, nikajiona kama nimefunguliwa kamba.

Mdogo wangu Neema ameniandikia kwamba hutaki nikupigie simu juu ya jambo hili, kwa sababu simu ya nyumbani kwetu inasikilizwa na nyumba nzima pamoja na kuku. Umetaka barua, uisome peke yako ukiwa umefunga mlango. Haya, barua hii hapa. Anakuja nayo mchungaji mmoja wa huku anayesafiri Alhamisi kutembelea sharika za Lushoto, na ameniahidi itakufikia kabla muda wa fomu haujaisha.

Sasa nakujibu kabla sijasimulia chochote: Mama, chukua fomu! Gombea huo uenyekiti wa kitongoji! Niliposoma kwamba Mama Zaina na wenzake wamekuja uani kwako kukuomba, Waislamu na Wakristo pamoja, nilikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nimebeba sinia la chai yao. Nililiweka chini nikacheza hapo hapo kwenye korido. Wazee wa watu wakadhani nimepandisha mashetani.

Hofu zako nazo Neema amenieleza. Eti wewe ni wa darasa la saba tu. Eti baba mkubwa Yonasi amesema mwanamke wa ukoo huu hawezi kusimama mbele za watu kuomba kura kama anayenadi nyanya. Halafu eti ukasema, "Tumaini yuko nchi za watu, kaona dunia. Aniambie wanawake wa huko wanafanyaje." Mama, hapo ndipo uliponipata. Kaa vizuri nikwambie, maana wewe unadhani huku walianza zamani na sisi ndio tunawafuata.

Kati ya wazee hawa yuko bibi mmoja ninayemhudumia, anaitwa Bibi Klara. Ana miaka themanini na kitu, miguu haina nguvu, lakini ulimi ni wa msichana. Mwezi uliopita aliniambia nimvalishe gauni lake la sikukuu nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu hadi uwanjani, kwa kuwa ilikuwa siku ya mkutano. Eneo hili ni dogo, la milimani kama kwetu, na mara moja kwa mwaka wananchi wake wote wanakutana uwanjani, wanasimama ndani ya kamba, wanaamua mambo yao kwa kunyoosha mikono. Hakuna sanduku la kura. Na Mama, wanaume wazima na suti zao wanakuja wamening'iniza kiunoni panga walizorithi kwa babu zao, ndiyo kitambulisho chao cha kupigia kura! Wanawake wanashika kadi. Nilicheka peke yangu. Nikasema hawa wangekuja kwetu na hizo panga wangeambiwa wakafyeke barabara.

Bibi Klara akaingizwa ndani ya kamba. Mimi mgeni nikabaki nje, lakini nimeigusa kabisa. Mwenyekiti akasoma jambo kwa kile Kijerumani chao cha milimani ambacho hata Wajerumani kinawashinda, kisha akauliza swali. Nikaona mikono inapanda. Sasa wewe unajua mkutano wetu wa kijiji ulivyo. Mwenyekiti akiuliza "mnaafiki?" sote juu, tena kwa haraka, ili tumalize twende shambani. Nani aliwahi kusubiri kuulizwa kama kuna asiyeafiki? Basi na mimi mkono wangu ukapanda wenyewe, tena nimeunyoosha hasa, kiganja wazi!

Mzee mmoja mwenye upanga akageuka, akanitazama, akaushika mkono wangu taratibu akaushusha. Akasema, "Wewe bado." Hakunikaripia. Watu wa karibu wakacheka, na mimi nikacheka huku masikio yakiwaka moto. Baadaye Bibi Klara akanieleza swali lilikuwa nini. Lilikuwa ni kuifunga shule ndogo ya bonde la juu, ile wanayosoma vitukuu wake! "Umenihudumia miaka miwili unakula jibini yangu," akaniambia, "halafu unawafungia shule watoto wangu!" Nikamwomba radhi mpaka nikapiga goti.

Lakini sikiliza kilichofuata. Mwenyekiti akauliza tena: nani anakataa? Na mikono ikapanda mingi zaidi ya ile ya kwanza. Kabla ya hapo mkulima mmoja, viatu vyake bado vina samadi, alikuwa amepanda jukwaani akawaambia wakubwa wake usoni kwamba hesabu yao ya watoto ni ya uongo. Mkubwa mwenyewe akawa mwekundu, akafuta jasho, akajibu. Na mchana nikawaona wawili hao wanakula soseji meza moja. Mama, yule mkulima hakuulizwa ametumwa na nani! Wewe unajua kwetu mtu akiuliza sana mkutanoni anavyotazamwa, na jioni jirani anakuja kumnong'oneza anyamaze kwa faida ya watoto wake. Nilisimama pale machozi yananitoka, nikajidanganya kuwa ni upepo.

Sasa ndio nije kwenye swali lako la wanawake. Tukiwa tunarudi nilimwambia Bibi Klara bila shaka amepiga kura uwanjani pale tangu usichana wake. Akanicheka. Akaniambia alipoingia ndani ya kamba ile kwa mara ya kwanza alikuwa tayari ana mjukuu! Kabla ya hapo walikuwa wanaingia wanaume tu. Sehemu nyingine za nchi hii zilitangulia, ila hapa wanaume waliulizwa kama wanawake waruhusiwe, wakanyoosha mikono kukataa, wakaulizwa tena wakakataa tena, mpaka mahakama ya nchi ikawalazimisha. Mama, ni hawa hawa wenye treni zinazofika kwa dakika!

Nikamwambia habari ya bibi, mama yako. Nikamsimulia ulivyotusimulia wewe, kwamba alipanga mstari wa kura hapo Mlola akiwa amekubeba mgongoni, tena akakataa kumpisha mwanamume aliyedai ana haraka. Bibi Klara akanisimamisha katikati ya barabara. "Alikuwa mkulima?" Mkulima. "Alijua kusoma?" Kidogo. "Na mtoto mgongoni?" Ndiyo, na mtoto mwenyewe ndiye mama yangu. Akapiga mkono wa kiti chake akasema, "Na mimi siku hizo nilikuwa nyumbani nachemsha supu ya kuwapa wanaume wakirudi uwanjani!" Alikasirika mchana kutwa, si kwangu, ni kwa ile supu. Basi mwambie baba mkubwa Yonasi, kwa adabu zote, kwamba wanawake wa kwetu waliwatangulia Wazungu hawa kwa miaka mingi, asije kuwarudisha nyuma yeye.

Na hilo la darasa la saba lisikuumize kichwa. Huku mtoto akimaliza shule ya msingi na miaka michache ya juu, wengi wanakwenda kujifunza kazi: siku chache kwa fundi, siku moja au mbili darasani. Leni, kitukuu wa Bibi Klara, anajifunza useremala wa mapaa. Siku alipopata nafasi hiyo walioka keki, majirani wakaja kumpongeza kama amefaulu udaktari! Nilimkumbuka rafiki yake Neema aliyekosa alama kidato cha nne, alivyokaa ndani wiki nzima, mama yake anasema ana malaria. Tena hawa wanafundishwa kwa lugha waliyonyonyea. Mimi nilitolewa kwenye Kiswahili nikaingizwa kwenye Kiingereza nikiwa kidato cha kwanza, nikatingisha kichwa mwaka mzima nikijifanya naelewa. Naona wivu, sikufichi. Kwetu nilikuwa muuguzi mwenye cheti na nilipofika hapa cheti changu kikatazamwa kama kanga iliyochuja, nikaanza tena darasani na vijana wa miaka kumi na sita, napiga deki huku nimevaa miwani ya kusomea. Nililia miezi ya kwanza. Hamkujua kwa sababu nilikuwa nawapigia simu nikishanawa uso. Sasa nimefaulu mtihani wao na nimeajiriwa kama muuguzi kamili, kwa hiyo hilo limekwisha.

Ila kuna jambo moja halijaisha, na ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Nimekaa hapa mwaka wa sita. Nafanya kazi, nalipa kodi, wazee wao ninawaogesha mimi. Bado niko nje ya kamba. Na huko kwetu nisipokuwepo mwenyewe siandikishwi, kwa hiyo sipigi kura huku wala huko. Naishi katikati ya uhuru mkubwa ambao ni wa watu wengine. Huwa nakaa dirishani nawatazama wanavyobishana juu ya barabara na shule, na mdomo unaniwasha, halafu nakumbuka kwamba hainihusu. Mama, wewe inakuhusu! Kitongoji ni chako, njia ni yako, yale magogo ambayo watoto wanavukia kwenda shule wakati wa masika ni ya kwako kuyasemea. Nani alipanga foleni ya ndoo pale chemchemi watu walipotaka kupigana? Nani aliwatoa wanaume kwenye bao wakabadilishe yale magogo? Uenyekiti unaufanya siku zote, ila hujapewa muhuri.

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Yupo atakayekuita mtaka makuu. Pengine jina litakatwa, pengine utasimama uwanjani upigiwe kura kumi na mbili na sita kati ya hizo ni za nyumbani kwetu. Naogopa hilo kwa ajili yako, maana najua unavyoumia kimoyomoyo halafu unasingizia goti. Na Baba kukaa kimya juu ya jambo hili, kama Neema alivyoniandikia, kunaniogopesha zaidi ya maneno ya baba mkubwa. Lakini nakuomba kama mtoto anavyomwomba mama yake: usikubali kuwa mwanamke wa pili wa nyumba yetu, baada yangu, asiye na sauti mahali popote. Chukua fomu. Kama ni kushindwa, ushindwe ukiwa umesimama ndani.

Jumatano

Mama, subiri. Nilikuwa natafuta bahasha ya kumpelekea mchungaji na simu ikalia, ni Neema.

Kumbe ulishachukua! Tena juzi! Hukunisubiri hata kidogo!

Neema amenieleza yote na nimemlazimisha aeleze upya mara tatu. Kwamba uliamka ukavaa kitenge cha kanisani, Mama Zaina akakupitia. Kwamba mlipofika mlangoni mkamkuta Baba ameshavaa koti na kofia, hajaambiwa na mtu, akasema tu, "Twendeni, mvua isije ikatukuta njiani." Baba yangu huyu asiyesema! Na kwamba baba mkubwa Yonasi alikuwa amesimama njia panda makusudi, mikono nyuma, na wewe ukainama ukamwambia "Shikamoo shemeji," akaitikia kwa kuwa hakuwa na jinsi, ukapita. Nimelia, Mama, na safari hii sikunawa uso. Nilikimbia kumwambia Bibi Klara, naye akataka kujua kama kuna mtu amebaki nyumbani kupika supu. Nikamwambia hakuna, wote wamekwenda. Akapiga makofi mpaka muuguzi mwenzangu akaja kutazama kuna nini.

Nilitaka kuichana barua hii. Nimekaa siku tatu nakushawishi jambo ambalo umeshalifanya, nakufundisha ushujaa wewe! Lakini naituma hivyo hivyo, uone kwamba nilikuwa upande wako kabla sijajua umeamua nini.

Nisalimie Baba sana, mwambie nimesikia habari za koti. Mpe shikamoo yangu baba mkubwa, na usiongeze neno, mwache atafakari mwenyewe. Mama Zaina mwambie nimemwekea kitambaa kizuri cha kichwa. Neema, msimuliaji wetu, asome masomo yake pia na si siasa tu. Mwalimu wa kwaya naye msalimie, anikumbuke kwenye sauti ya pili. Siku ya kura nitakuwa kazini, lakini nimeomba niruhusiwe kushika simu mfukoni.

Ni mimi binti yako, na kuanzia leo nikiulizwa huku mimi ni nani nawajibu hivi:

mtoto wa mgombea,

Tumaini